Wazazi Wawili wa Mama Epifania

Kama kuna mwanamume Kibosho nzima aliyewahi kuuguzwa kama mwanamke aliyejifungua, basi ni Vedastus, na mwenyewe haoni haya kulisema. Hulisema akicheka, lakini anajua kwamba bila uzazi ule asingekimbia tena.

Mwaka 1994 alikuwa fundi katika kiwanda kimoja mjini Moshi, na tegemeo la timu ya riadha ya hapo. Viwanda vilikuwa vinauzwa na watu wanapunguzwa, lakini hilo halikumtisha sana. Fundi hakosi spana ya kushika. Alichoogopa ni kupoteza mbio. Tangu alipokuwa akitumwa bondeni kukata majani ya ng'ombe, hakuwahi kuonja furaha inayofanana na ile ya miguu yake mwenyewe ikimchukua. Sasa msuli wa paja ukachanika mazoezini, na mbio za kuchagua timu ya mkoa zinakaribia.

Daktari akamwambia apumzike. Akapanda Kibosho, nyumbani kwa mama yake, Epifania, ambako mkewe Scola alikuwa ametoka kujifungua mtoto wao wa kwanza, Remigius.

Akapumzika, lakini kupumzika gani! Aliweka kiti barazani kuelekea barabarani, mguu juu ya gunia la kahawa, saa ya mbio mkononi. Wenzake walipopita wakifanya mazoezi ya kupanda mlima, aliwapima na kuwafokea.

"Kornel, umelegea! Kaza hapo kwenye kona!"

Hata wakati wa kula alipanga njia nzima ya mbio kwa buni mezani, hapa mteremko, hapa daraja, hapa nitampita fulani. Scola alikuwa akizisogeza buni ili apate mahali pa kuweka sahani.

Mguu ukapona. Daktari aliubonyeza kila mahali akaridhika. Vedastus akavaa viatu, akatoka mbio kwa furaha, lakini hakufika hata penye kanisa la jirani. Paja halikuuma, ila pumzi ilikata na mwili ukawa mzito kama anavuta mkokoteni. Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata alirudi akichechemea bila kuumwa popote, akakaa chini ya mgomba akalia, mtu mzima na ndevu zake. Aliamini mbio zimekwisha.

Epifania alimkuta hapo akitoka kunywesha ng'ombe. Akaweka ndoo chini.

"Mguu umepona, mama, lakini siwezi," Vedastus akasema. "Na mwezi wote nimepumzika!"

"Mguu ndio uliopumzika. Wewe ulikuwa barabarani na akina Kornel kila siku. Nilikuwa nakuona."

Sasa, mgeni wa migombani hawezi kujua jinsi mzazi anavyotunzwa kwetu. Mwanamke akijifungua hashiki jembe, habebi majani. Hulishwa mtori mzito wa ndizi na nyama mpaka mashavu yajae, na kwa Mama Epifania kulikuwa na sheria moja zaidi: hakuna wa kumpelekea mzazi ugomvi wala wasiwasi. Mwili haurudi, alisema, kama moyo unatangatanga.

"Kuanzia leo nina wazazi wawili," akatangaza.

Akaichukua saa akaitupia darini, juu ya jiko, kule ndizi zinakoivishwa. Kiti akakigeuza kitazame migomba. Kocha Shedrack alipopanda kuja kuuliza, alimzuia kwenye kidaraja cha mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba.

"Shikamoo, mama. Nimekuja tuzungumze na Vedastus habari za mbio."

"Marahaba. Mzazi hapokei habari za mbio."

"Mzazi?"

"Kunywa mbege kidogo, baba, kisha uteremke salama," akasema, akimkabidhi kata ya pombe hiyo ya ndizi.

Kijiji kizima kilicheka. Scola ndiye aliyezidi: "Baba Remi, hivi kati yetu ni nani aliyepata uchungu?" Vedastus aliposema hana njaa, mama yake alimjazia bakuli tu, mgonjwa haulizwi uji. Siku za mwanzo zilikuwa mateso. Mkono ulitafuta saa, masikio yalisubiri vishindo vya barabarani.

Kisha alasiri moja mvua ikanyesha juu ya migomba. Alikuwa amemlaza Remigius kifuani ili Scola apate kuoga. Wakasinzia wote wawili. Alipoamka, shati limelowa ute wa mtoto, aligundua kwamba tangu asubuhi hajazikumbuka mbio hata kidogo. Akabaki pale pale, asimwamshe.

Siku ya Scola kutoka uzazini ikafika. Alipambwa kwa shanga na kitenge kipya, akapelekwa sokoni, na wanawake wakamwimbia kama anayerudi vitani. Wageni walipoanza kuelekea nyumbani, Epifania akashtuka.

"Vedastus! Moto haujawashwa! Tangulia!"

Akatangulia. Alikuwa amepiga magoti jikoni akipuliza kuni ndipo alipofahamu kwamba amepanda kilima chote mbio, na pumzi anayo. Machozi yakamtoka, akayasingizia moshi.

Kwenye zile mbio za kuchagua timu alikuwa wa tatu, akaingia timu ya mkoa. Shedrack alimkumbatia akiuliza alikuwa anafanya mazoezi gani huko juu.

"Nilikuwa mzazi, kocha."

Miaka ikaenda. Akawa kocha kule Pasua, mjini Moshi, na mkimbiaji wake akiumia, kitu cha kwanza anachomvua ni saa. Mwaka 2003 Epifania akateleza kando ya mfongo, akavunjika nyonga. Vedastus akafunga mazoezi, akapanda. Majirani walipokuja na kesi ya mpaka na habari ya ndama mgonjwa, walimkuta amesimama kwenye kidaraja.

"Mzazi hapokei kesi. Karibuni mbege."

Mtori aliupika mwenyewe, akaulisha kwa kijiko.

"Chumvi imezidi," mama akasema, akafungua mdomo tena. Baadaye akatazama juu. "Ile saa yako bado iko darini. Huitaki?"

"Iache huko, mama. Kula kwanza." Kisha akasema kwa Kichagga, kwa kuwa shukrani ile haikumtoka kwa lugha nyingine: "Aika, mae."