Disketi Yangu ya Somo

Saa nane na dakika kumi mchana nilianza kuwafunza makarani wa chuo kikuu, Juja, kukinga kompyuta dhidi ya virusi. Mimi, bingwa niliyejifunza kompyuta kwa vitabu vya mitumba, niliwaona mbumbumbu. Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa kwamba disketi ya nje isiingie ofisini. Kisha nikapita na disketi yangu, nikinakili somo katika kila kompyuta.

Wambui, karani mpiga taipu, akanizuia. "Mwalimu, hii imetoka wapi?"

"Somo nililichapia kwa duka moja la kompyuta Ruiru."

"Basi kwangu haiingii. Si ni wewe umesema?"

Nikamwita kichwa kigumu, nikairuka kompyuta yake.

Kufikia saa kumi kompyuta nane zilikuwa zimekufa pamoja na alama za mitihani zilizokuwamo. Barua ya kunitaka nijieleze kwa nini nisifutwe kazi aliichapa Wambui. Kompyuta yake pekee ndiyo iliyowaka.