Mnyororo Mlangoni mwa Mnara

Wenzake kazini walimwita Mama Ngazi, na jina likamkaa sawasawa. Kwa miaka kumi na tisa alisimama chini ya mnara wa kale, kwenye mlango ambao mtu mnene huupita kwa ubavu, akikata tiketi za wageni. Ngazi zilikuwa za mawe, nyembamba, zimejizungusha kama gamba la konokono. Miezi ya kawaida alipata hata wasaa wa kukaa. Likizo zilipoanza, foleni ilizunguka bustani nzima mpaka barabarani, na watu wakawa hoi kabla hawajaona chochote.

Mama yake mzazi hakuwahi kupanda. Kila mwaka aliahidi kuja, na kila mwaka lilitokea la kumzuia. Alipofika miaka sabini na miwili akaja bila kumwarifu mtu, tena katika wiki iliyofurika kuliko zote. Mama Ngazi alimwona saa nne asubuhi, kasimama foleni, mkoba ameukumbatia kifuani. Akamfuata, akamnong'oneza apite mbele. Mama akakataa. Alisema hawa nao wamesimama kwa miguu kama yeye, na hakuja kumharibia mwanawe kazi. Akakaa kwenye foleni saa mbili na nusu. Alipofika mlangoni alitoa tiketi kama mgeni yeyote, na binti yake akaikata.

Haikupita robo saa, mnara ukaziba. Waliokuwa wakipanda walikutana na waliokuwa wakishuka, hakuna aliyekubali kurudi, na walio chini wakazidi kusukuma kwa kuwa hawakuona kinachoendelea. Kwanza vilisikika vicheko, kisha mtoto akalia, kisha kukawa kimya. Kimya hicho Mama Ngazi hakukipenda. Akavuta mnyororo, akaziba njia ya kuingilia.

Msimamizi akaja mbio. Alisema wageni wananung'unika, na kwamba hakuna anayefunga mlango mchana bila ruhusa yake.

"Basi nipe ruhusa," Mama Ngazi akasema. "Usiponipa, pia siufungui."

Msimamizi akamtazama, akaitazama foleni, kisha akaenda mwenyewe kuwaeleza watu.

Mama Ngazi akaanza na wa chini kabisa, akawatoa mmoja mmoja, kinyumenyume. Kila walipopungua naye alipanda kidogo, akirudia maneno yaleyale: shika ukuta, usikimbie, mpishe mwenzako. Sauti yake haikupanda. Zaidi ya nusu ya njia alimkuta mama yake ameketi kwenye kidirisha cha ukutani, kiatu kimoja hana, akimpepea kwa tiketi msichana asiyemjua aliyekuwa ameishiwa pumzi.

"Mama, tushuke."

"Huko juu kunaonekana nini?"

"Mapaa ya nyumba. Na foleni."

"Foleni nimeshaiona," mama akasema, akampa mkono.

Hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko. Jioni ile Mama Ngazi alipewa barua ya onyo kwa kufunga mlango bila idhini. Akaisaini, akarudi kwenye nafasi yake. Wiki mbili baadaye kibao kilitundikwa: wageni thelathini kwa zamu, wa juu washuke ndipo wa chini wapande. Hakuna aliyesema wazo limetoka wapi, na ile barua haikuondolewa kwenye faili. Mama Ngazi hakufuatilia. Alisema kazi imekuwa nyepesi, inatosha.

Nyumbani, mdogo wake mama alitaka kujua kama mnara ni mzuri kama watu wanavyousifu. Mama akasema hawezi kusema kitu, kwa sababu tangu asubuhi mpaka wanamshusha alichokiona ni mgongo wa bwana mmoja mwenye shati la buluu, na huo ulikuwa mgongo wa kawaida tu.