Mama Aliyenyamaza Uwanjani

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mwanamke wa Kihindi na hakula nyama. Mambo hayo mawili yaliisumbua Garissa. Hebu fikiria, mji ambao ngamia anachinjwa alfajiri na kufika adhuhuri amekwisha, halafu aje mtu mzima, mwenye meno yake yote, aseme ametosheka na dengu! Mama mmoja jirani wa shule alimletea mchuzi wa mbuzi siku baada ya siku, akidhani mwalimu anaona haya kuomba. Mwalimu alikuwa akimshukuru kwa Kiswahili chake cha Mombasa, kitamu mpaka unatamani akugombeze ili uendelee kukisikia. Kisha mchuzi anampa mlinzi wa lango. Mlinzi alinenepa mwaka ule.

Sisi wasichana wa kidato cha pili tulimpenda. Alivaa suruali pana na kanzu ndefu, na mtandio hautoki kichwani, kwa hiyo hata bibi yangu, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alisema huyu ana adabu. Kila Alhamisi baada ya masomo alibaki na wachache wetu tuliotaka kuandika. Hapo ndipo aliposimulia hadithi kubwa za kwao, zile ndefu za kale alizozipata kwa bibi yake: binamu wanaogombea kiti cha ufalme mpaka wanamalizana, mwana wa mfalme anayefukuzwa akaishi msituni, miungu inayoshuka duniani na kuingilia ugomvi wa watu.

"Sikuja kumbadilisha mtu dini," alituambia siku ya kwanza. "Tutazisoma kama hadithi. Mtatazama zilivyofumwa, halafu mtafuma zenu."

Mimi nilidhani kufuma ni kuiga. Insha yangu ya kwanza ilikuwa na milima ya theluji, maua ya yungiyungi na mfalme juu ya tembo. Mwalimu akaniuliza, "Umewahi kumwona tembo?" Nikamjibu kwamba nimewahi kuona mavi yake, njia ya Balambala. Akacheka mpaka akaketi. "Basi andika hayo mavi," akasema. "Theluji niachie mimi, ambaye pia sijaiona." Nilikasirika sana. Nilikuwa nimeisugua insha ile kama sufuria ya harusi.

Nyumbani nilimsimulia bibi kila nilichosikia. Sisi tunamwita ayeeyo. Nilikuwa nikitafsiri kwa Kisomali yeye akivuta tasbihi yake, na Wallahi hakuna mwalimu anayeweza kukagua hadithi kama yeye. Nilipofika kwa yule mwana wa mfalme aliyefukuzwa akaishi porini na mkewe na mdogo wake, akanikatiza.

"Porini kuna maji?"

"Yapo, ayeeyo. Kuna mto."

"Na mke wake yupo?"

"Yupo."

"Sasa analia nini? Hiyo ni adhabu au ni likizo?"

Kesho yake nilimpelekea mwalimu swali hilo, na darasa zima likaunga mkono. Nusu yetu tulikuwa tumezaliwa porini. Mwalimu alisimama na chaki mkononi, akasema kwamba kwa miaka yote aliyoijua hadithi ile hakuwahi kuulizwa hivyo.

Lakini kuna msichana ambaye lazima nimtaje sasa, kwa sababu bila yeye ningebaki na theluji yangu.

Somalia ilipovunjika na kambi za Dadaab zikajaa, mama yangu alianza kupeleka vitambaa kuuza huko. Katika soko la kambini alimkuta msichana wa rika langu akiuza chai pamoja na mwanamke aliyetoroka naye. Wazazi wake walikuwa wamefia njiani akiwa mdogo. Baadaye mwanamke yule alipata safari ya ng'ambo, na karatasi zake hazikuwa na nafasi ya msichana. Mama akamleta kwetu. Alilala mkeka mmoja nami, alipika anjera, ile mikate yetu ya maji, nyembamba kuliko zangu, na alikuwa na kicheko cha ghafla kinachomponyoka kama chafya. Nilimpenda. Sikuwahi kuwa na dada.

Tatizo lilikuwa kwamba hakuwa na wa kumtaja. Kwetu mtoto anafundishwa abtirsi kabla hajajua kufunga viatu: jina lako, la baba, la babu, la baba wa babu, hadi juu kabisa kwa mzee wa ukoo. Mtu akikutana nawe kisimani hakuulizi unakaa wapi, anakuuliza wewe ni wa nani. Si kiburi tu. Ukimuumiza mtu, ukoo wako ndio unaolipa. Ukiumizwa wewe, wao ndio wanaokudai haki. Msichana wetu alijua jina lake, la baba yake na la babu yake. Baada ya hapo alinyamaza na kutazama vidole vya miguu.

Baba yangu alikuwa amefariki, kwa hiyo mwenye kauli nyumbani alikuwa adeer, kaka mkubwa wa baba, aliyefuga ngamia na kulima kidogo kando ya Tana, huko Balambala. Aliposikia kuna mgeni asiyejulikana ukoo, alituma neno: akija mjini atamrudisha Dadaab mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. "Leo lori likimgonga," aliagiza mama aambiwe, "nitamdai nani, kwa jina gani? Na yeye akimmwagia mtoto wa watu chai ya moto, nani atalipa?" Ayeeyo, ambaye ndiye aliyemzaa adeer na baba yangu pia, alivuta tasbihi akasema hayo ni mambo ya wanaume. Mwezi mzima alisema hivyo hivyo. Nilimchukia kidogo mwezi ule, Mungu anisamehe.

Wakati huohuo mwalimu alitusimulia vile vita vya binamu, akataka kila mmoja wetu aviandike upya hapa kwetu, kwa vumbi letu. Nikaugeuza ufalme kuwa kisima, na mashindano ya mishale kuwa mashindano ya kuteka maji kwa kamba ndefu, wazee wakiwa wameketi wanatazama. Nikajivuna nikafanya jambo ambalo nadhani hakuna mwanafunzi yeyote wa Mombasa, alikotoka mwalimu, ambaye angelifanya: kila shujaa nilimpa abtirsi yake kamili. Ukurasa mzima wa mababu! Msomaji angejuaje nani wa nani?

Mwalimu alinirudishia daftari machozi ya kicheko yakimtoka. "Umewazalia Wahindi mababu wa Kisomali," akasema. "Wote waache, ni wazuri. Lakini huyu mmoja mfute."

Alikuwa akimwonyesha kwa kidole mteka maji wangu mmoja, ambaye kwao ni mpiga mishale aliyelelewa na mwendesha gari la farasi. Katika hadithi ya kwao anatokea uwanjani, hodari kuliko wote, na kabla hajashindana anaambiwa ataje ukoo wake kwanza. Hana cha kutaja. Anainamisha kichwa mbele za watu.

"Huyu hana," mwalimu akasema. "Ukimpa mababu umemtibu kabla hajaumwa. Mwandike hivyo hivyo alivyo."

Niliondoka darasani na daftari langu. Nilikuwa namjua mtu huyo. Alikuwa nyumbani anachekecha unga. Usiku ule nikamfutia kijana wangu mababu, nikamwachia baba na babu tu.

Adeer alifika Ijumaa, baada ya sala, akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Alikaa kivulini ukutani, akapewa chai. Habari za mvua zikaisha, za ngamia zikaisha, kisha akasema ataondoka na msichana alasiri hiyo hiyo, kuna lori linaelekea Dadaab. Mama akainuka akaingia ndani. Mimi nikachukua daftari langu. Sitajifanya kwamba ilitokea tu, nilikusudia. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na kitu kingine mkononi.

"Ayeeyo," nikasema, "nikusomee ya mwalimu?"

"Soma," akasema, labda ili asimtazame mwanawe usoni.

Nikasoma nikitafsiri. Kisima, kamba, wazee wameketi. Kijana mgeni anakuja, anateka maji haraka kuliko wote, watu wanashangilia. Kisha mmoja wa wazee anasema: ngoja, wewe ni wa nani? Kijana anataja jina lake, la baba, la babu, halafu kimya. Watu wanaanza kucheka. Adeer aliacha kunywa chai.

"Halafu?" ayeeyo akauliza. "Nani alimsemea?"

"Katika ile ya mwalimu, mwana mmoja wa mfalme alimpa cheo, lakini alikuwa na haja yake. Wengine hawakusema kitu."

"Maskini. Hana hata mama?"

Hilo sikuwa nimeliandika, lakini mwalimu alikuwa ametueleza. "Anaye, ayeeyo. Alimzaa kabla ya ndoa, akaogopa, akamweka kwenye kikapu akamwachia mto. Siku ile alikuwa ameketi palepale uwanjani. Alimtambua."

"Akasema nini?"

"Alinyamaza."

Tasbihi ikasimama. "Alinyamaza?"

"Mpaka mwisho. Alikuja kusema mbele za watu wakati mwanawe amekwisha kufa."

"Subhanallah!" Ayeeyo alipiga goti lake kofi. "Aibu ni yake mwenyewe, mtoto amekosa nini? Mwanamke mzima, ana ulimi, ameketi anatazama!" Alisema mengi zaidi ambayo si ya kuandikwa. Kisha akakoma ghafla. Alitazama mkeka, akamtazama adeer, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na mimi je? Mwezi mzima nimekaa hapa na tasbihi, nasema ni mambo ya wanaume. Kumbe na mimi niko uwanjani."

"Mama," adeer akasema, "hii ni hadithi ya Wahindi."

"Najua ni ya Wahindi. Ingekuwa ya hapa ningekwenda kumchapa yule mama bakora. Mwite msichana."

Nikamwita. Alitoka jikoni na kifurushi mkononi. Nguo zake zote zilikuwa ndani ya mtandio mmoja, ameshazifunga, na viatu amevaa. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote. Alikuwa amemwona adeer tu akajua. Nililia hapo hapo, wala sikujificha.

"Weka hicho chini," ayeeyo akamwambia. "Jitaje."

Akataja jina lake. La baba yake. La babu yake. Akanyamaza.

"Wanatosha. Hao ni wako, na hakuna atakayekunyang'anya, maana Mungu amekataza mtoto kuitwa kwa baba asiye wake. Lakini ukiulizwa unasimama na nani, utasema unasimama na sisi." Akamgeukia adeer. "Unaijua desturi hii kuliko mimi. Wakati wa njaa, mtu akija peke yake na fimbo yake, babu zako walimweka upande wao, na damu yake ikawa juu yao. Au ni uongo?"

"Si uongo. Lakini hilo linasemwa na wazee, mama."

"Basi walete wazee. Na wao nitawaambia."

Adeer alizungusha kikombe chake. "Na akimmwagia mtoto wa watu chai ya moto?"

"Utalipa wewe. Wale ngamia wako wana kazi gani, si wanakula majani tu?"

Alijaribu kukaza uso, ikashindikana. Alicheka kwa pua, kisha akanyoosha kikombe kuelekea kwa msichana. "Haya, niongezee," akasema. "Polepole, usinimwagie mimi wa kwanza."

Lori la Dadaab liliondoka bila yake. Juma lililofuata adeer alirudi na wazee wawili wa ukoo. Walikunywa chai nyingi, wakaulizana maswali mengi, wakasoma Fatiha, na likawa limekwisha.

Niliandika upya insha yangu. Sikuwahi kuandika kitu kwa haraka vile. Kisima kikabaki, kijana akabaki bila mababu, wazee wakabaki na kicheko chao, ila sasa bibi mmoja kutoka nyuma ya umati anasimama, anajikung'uta vumbi na kuanza kuwagombeza. Mwalimu alikaa nayo siku kadhaa. Alipoirudisha aliniita kando.

"Huyu bibi umemtoa wapi?" akaniuliza. "Nimeisikia hadithi hii tangu utotoni, na kwetu hayumo. Kila nilipofika pale uwanjani nilimngoja mtu asimame."

"Yuko nyumbani, mwalimu. Njoo umwone."

Akaja Jumamosi. Ayeeyo alikuwa ameamuru pilau ya mbuzi, nikamkumbusha, akatangaza kwamba basi mwalimu atakunywa maziwa mpaka aombe msamaha. "Karibu, mwalimu, karibu," akamwambia kwa Kiswahili chake kichache. "Bilau hakuna. Bole sana." Msichana akaleta maziwa ya ngamia katika chombo kilichofukizwa moshi, akampa kwa mikono miwili. Mwalimu alionja, akafumba macho, akanywa yote. Ayeeyo alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha mwalimu, kwa adabu tu, bila kujua lolote, maana insha haikumtaja msichana, akamgeukia na kumuuliza, "Na wewe, mwanangu, ni binti wa nani hapa?"

Mama akaacha kumenya vitunguu. Msichana akaweka chombo chini, akasimama wima. Akataja jina lake, la baba yake, la babu yake. Akafika pale anapokwama kila siku, akavuta pumzi, wala hakutazama vidole vya miguu. Alimtazama ayeeyo.

"Na hapa ni kwetu," akasema.

Ayeeyo alinigusa kwa fimbo yake. "Mwambie mwalimu," akasema kwa Kisomali, "kwenye ile hadithi yao aandike hivyo."