Shahidi Aliyejioza kwa Kalamu

Jumamosi, katika ofisi ya kanisa karibu na Usa River, niliitwa niwe shahidi wa ndoa kwa sababu nimesoma mpaka darasa la nne. Baba wa bibi arusi alipotia dole gumba kwenye daftari, nakiri nilitabasamu kwa kiburi. Nikashika kalamu, nikaandika jina langu kwa mwandiko wa shule ya misheni, wenye mikia mirefu.

Bibi arusi akachungulia. “Mchungaji, huyu amejiandika mahali pa bwana arusi! Mimi nimekuja kuolewa na yule!”

Baba yake akapangusa wino kidoleni, akanitazama. “Haya, mkwe, ng’ombe zangu umezifunga wapi?”

Wakacheka wote, hata mchungaji. Kiburi changu nimekitubu, na naamini Mungu amenisamehe. Mke wangu, aliyekuwa benchi la nyuma, bado.