Mtazama Uzio wa Kata ya Norder

Ukimwomba Leona Tjaden chumvi mezani, atakwambia iko kaskazini ya siagi. Wala hatanii. Kata ya Norder, kule Iowa, ilipimwa na watu waliokuwa na rula na haraka: mraba mmoja mkubwa, ndani yake miraba thelathini na sita, na barabara zilizonyooka kiasi kwamba ukisimama njia panda unamwona jirani anakuja kutoka njia panda ya pili, na unapata muda wa kutosha kukumbuka kama mnaongea au hamuongei. Mtu aliyezaliwa humo hana habari na kulia wala kushoto. Daktari wa meno alipomwuliza Leona ni jino gani linalomsumbua, alijibu, "La magharibi," ikabidi daktari atoke nje kuangalia jua liko wapi.

Leona ni mmoja wa wajumbe watatu wa baraza la kata. Usidhani ni cheo cha kutisha watu. Barabara zilichukuliwa na wilaya zamani, shule zikachukuliwa na jimbo, na kata ikaachiwa makaburi, mchango wa gari la zimamoto, na uzio. Leona husema hawakuachiwa kidogo, maana hakuna mambo yanayogombanisha watu kama wafu, moto na ng'ombe wa jirani. Hakuolewa, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Alirithi shamba la baba yake, ng'ombe wekundu wenye nyuso nyeupe, na ulimi usiokaa kinywani ukingoja ruhusa.

Kazi anayoipenda kuliko zote ni kutazama uzio. Ndivyo inavyoitwa kisheria, na wajumbe wenyewe huitwa watazama uzio. Majirani wawili wakigombana nani atengeneze wapi, wajumbe wanafika na magambuti yao, wanawapeleka katikati ya mpaka, na kuwaambia watazamane uso kwa uso, kila mtu upande wake wa waya. Kisha kila mmoja anyooshe mkono wa kulia. Nusu ya uzio inayoelekewa na mkono wako ndiyo yako, uitunze mpaka ufe. Leona ameshawatazamisha hivyo ndugu waliotaka kuuana, mtu na shemeji yake, hata mchungaji wa Kilutheri na mzee wake wa kanisa. "Tazamaneni machoni!" huwafokea. "Hamuozeshwi hapa!"

Uzio ambao hakuwahi kuutazama ni wake mwenyewe.

Huo unapakana na shamba la Ubben, upande wa kaskazini, na Tjaden na Ubben hawaongei. Chanzo ni lango la makaburi. Baba yake Leona na baba yake Wendell Ubben walikuwa wote wajumbe wa kata, na likaja suala la lango lifunguke barabara ipi. Ubben akashinda, lango likafunguka upande wake, na kwa kuwa huko kwetu huwezi kukata kona, Tjaden akawa anazunguka pande tatu za mraba kwenda kumwagilia maua ya mama yake. Aliapa hatapita lango lile akiwa hai wala maiti, na alitimiza. Siku ya maziko yake jeneza lilipitishwa juu ya uzio, wabebaji wanne huku na wanne kule, na mmoja wao akachanika suruali mbele ya kwaya nzima.

Walipogawana uzio wa mashamba, wazee hao walikuwa wameshaanza kuchukiana. Walisimama katikati ya mpaka wakapeana mgongo, kila mmoja akitazama nyumba yake, wakamwambia mjumbe wa tatu, "Gawa hivyo hivyo." Akagawa. Kisa hicho kilichekesha kata nzima kwa miaka mingi. Leona mwenyewe hukisimulia kila mkutano wa mwaka, tena kwa kuigiza, na watu hucheka kana kwamba ndiyo kwanza wanakisikia. Nusu ya mashariki, iliyo kilimani, ikawa ya Ubben. Nusu ya magharibi, inayoshuka hadi kijitoni, ikawa ya Tjaden.

Sasa, nusu ya kilimani ni raha tupu. Nguzo ukiisimika inakaa, na unaweza kuisahau mpaka wajukuu wakue. Nusu ya kijitoni ni adhabu. Kila mvua za masika kijito kinafura, kinaleta magogo na mabua ya mahindi, kinang'oa nguzo na kuzungusha waya wa miiba kama uzi ulioingiwa na paka. Baba yake Leona aliingia humo kila mwaka maji yakimfika mapajani, akitukana kwa Kijerumani cha zamani. Alipokufa, Leona akaingia. Hakuona ajabu. Magharibi ni ya Tjaden, kama vile Jumapili ni ya kanisa.

Lakini nyonga yake ilitengenezwa upya hospitalini msimu wa baridi, na nyonga mpya haikuwa na mapenzi na kijito. Mwezi wa tano mafuriko yalipopita na uzio, alishuka na nyundo yake, akateleza, akakaa kitako ndani ya maji. Alikaa kitambo. Akatazama huku na huku, akaona hakuna mtu, akamshukuru Mungu kwa hilo kwanza kabla ya kumwomba nguvu za kuinuka. Usiku wake ng'ombe wakavuka pale palipobomoka wakakesha kwenye mahindi machanga ya Wendell.

Ng'ombe bila uzio hawafugiki, na uzio asingeuweza tena. Leona alilia kidogo jikoni, akajisuta kwa kulia, kisha akampigia mnunuzi wa ng'ombe. Lori lingekuja Jumamosi. Alipokata simu alitoka nje akaenda kumkuna shingo Trudi, ng'ombe mzee aliyezaliwa mikononi mwake usiku wa theluji, akashindwa kumwambia. Kuwapoteza ng'ombe wale kulimuuma kuliko nyonga.

Siku ya pili yake simu ikalia. Alikuwa Duane Krull, mwenyekiti wa baraza, mtu mnene mwenye roho nyepesi.

"Leona, dada yangu, kuna jambo. Usinikasirikie."

"Ukianza hivyo nishakasirika. Sema."

"Wendell ameomba uzio utazamwe."

"Uzio upi?"

"Wenu."

Leona akavuta kiti akakaa. "Amekwambia mwenyewe?"

"Mwenyewe, kofia mkononi. Mimi na Janelle tutakuja Ijumaa. Wewe huwezi kuwa mtazamaji kwenye kesi yako, unajua."

"Najua sheria, Duane. Nani aliyekufundisha?"

Alikata simu. Mahindi machache yameliwa, na huyu bwana anakimbilia kwenye baraza! Tena baraza lake mwenyewe Leona! Watakuja, watamwamuru ajenge nusu yake, na akishindwa watamtafutia fundi na gharama itakuja na kodi ya ardhi. Angalau Ijumaa inatangulia Jumamosi, alijiambia. Wangemwaibisha kwanza, halafu lori lingembebea ng'ombe.

Ijumaa alivaa koti lake la kanisani juu ya magambuti. Wendell alikuwa ameshafika, mjane mrefu aliyepinda kidogo, ndevu kanyoa mpaka kajikata. Siku zote wakipishana na pikapu zao barabarani walipungiana kidole kimoja bila kuachia usukani, na huko kwetu hiyo si salamu, ni uthibitisho kwamba hujafa. Duane alikuja akihema, na Janelle Eilers, mjumbe mpya, mwalimu wa hesabu, akamfuata nyuma.

"Haya," Duane akasema katikati ya mpaka, akijipangusa jasho. "Wendell, wewe mlalamikaji. Nusu ya magharibi imebomoka, sote tunaiona. Leona, nusu ya magharibi ni ya kwenu, au nakosea?"

"Hukosei."

"Basi sioni cha kutazama. Tuamue twende tukanywe chai."

"Ngoja kwanza," Wendell akasema taratibu. "Mimi nimeomba utazamwe. Utazameni kama mnavyotazama nyuzio za watu wengine."

"Sisi tunakumbuka nusu ni zipi, Wendell."

"Sawa. Utazameni tu."

Duane akakuna kidevu. Akawapanga, mmoja huku mmoja kule, akasema, "Haya, nyoosheni mikono."

Hapo mtazama uzio aliyekuwa ndani ya Leona akashindwa kuvumilia. "Unafanya nini wewe? Waambie watazamane kwanza! Uso kwa uso! Utazamaji gani huu, kama mnagawana viazi?"

"Haya basi, tazamaneni uso kwa uso."

Wakatazamana. Leona alikuwa hajamwona Wendell kwa karibu hivyo tangu darasa la sita, mvulana huyo alipommwagia wino kwenye sketi. Macho yake bado yalikuwa ya kijivu.

"Mkono wa kulia," akasema Duane.

Leona akanyoosha mkono wake. Akautazama. Halafu akaangalia unakoelekea.

Mkono wake ulielekea kilimani.

Akaushusha akaunyoosha tena, kama mtu anayedhani saa yake imesimama. Kilimani. Na mkono mrefu wa Wendell, ng'ambo ya waya, ulielekea moja kwa moja kijitoni, na mwenyewe hakuonekana kushangaa hata kidogo.

Janelle ndiye aliyelitamka, pole pole, kidole kikichora hewani. "Wale wazee si walipeana mgongo? Mtu akigeuka nyuma, na mkono wake wa kulia unageuka naye."

Kisha Duane akaanza kucheka, tumbo likamtikisika, akashika nguzo ya uzio asianguke. "Miaka yote hii! Na tulivyokuwa tunacheka kisa hicho! Leona, wewe mwenyewe ulikuwa unatuigizia! Unageuka na mgongo, unanyoosha mkono, na bado!"

Leona hakucheka. Alimkumbuka baba yake ndani ya maji, midomo imemkauka kwa baridi. Alimpenda sana baba yake, lakini dakika ile angeweza kumfufua ili amseme vizuri kisha amrudishe. Mtu amebeba mzigo usio wake maisha yake yote, akamrithisha mwanawe, kwa sababu tu hakutaka kumtazama mwenzake usoni! Na yeye aliyewafokea watu wa kata nzima watazamane, kwenye mpaka wake hakupata kufikiria kulia wala kushoto. Alijua magharibi ni yao, basi.

Akamgeukia Wendell. "Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile unawatazamisha akina Eilers. Nilikuja kuwasaidia kushika waya. Nikakusikia unawafokea watazamane, nikaenda nyumbani nikajaribu mbele ya kioo."

"Na ukanyamaza!"

"Nilinyamaza," akasema Wendell, na masikio yakamwiva. "Kilima ni kitamu, Leona. Mwanzoni ulikuwa uvivu. Baadaye ikawa haya. Nitakuambia wapi? Mimi na wewe ni kidole kimoja barabarani." Akaelekeza kidole kijitoni. "Halafu juzi nilikuona umekaa kwenye maji. Unaangalia huku na huku kama kuna aliyekuona."

Leona akahisi uso unawaka. "Kumbe ulikuwepo."

"Nyuma ya vichaka. Kabla sijajua nifanye nini, ukawa umeinuka. Nikaenda kwa Duane siku ile ile ng'ombe wako walipovuka."

Hapo ndipo Leona alipoelewa. Mtu huyu alikuwa amejishtaki. Alipeleka barazani kesi ambayo alijua tangu mwanzo kwamba atashindwa, maana hakupata njia nyingine ya kumfanya mwanamke mkaidi asimame na kumtazama. Akataka kusema neno la maana. Kilichomtoka ni, "Umejikata kidevu."

"Najua."

"Basi tuandikeje?" Duane akauliza, machozi ya kicheko bado yanamtoka. "Kila mtu na mkono wake wa kulia?"

"Andika hivyo hivyo," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Jioni Leona akampigia mnunuzi wa ng'ombe akamwambia lori lisije. Yule bwana akauliza kulikoni. "Baba yangu alikuwa amegeukia upande usio wake," akajibu, akamwacha afikirie mwenyewe. Kisha akaenda kumkuna Trudi shingo, na safari hii alikuwa na habari ya kumpa.

Lazima niseme habari ya chai. Wakazi wa Norder ni uzao wa watu wa pwani ya kaskazini ya Ujerumani, na chai wanayo damuni: sukari ya mawe chini ya kikombe, chai nyeusi juu yake, malai ya maziwa kidogo, na hakuna kukoroga. Mwenyeji akiona kikombe kitupu anajaza, bila kuuliza. Mgeni aliyetosheka hasemi kitu, anaweka kijiko chake ndani ya kikombe, na hiyo ndiyo alama. Asipokiweka atajaziwa mpaka kesho. Hakuna Ubben aliyewahi kunywa chai ya Tjaden.

Wiki iliyofuata Leona akasikia nyundo kijitoni. Akafunga mkoba, akachukua fimbo yake, akateremka pole pole. Wendell alikuwa majini mpaka mapajani, anahangaika na nguzo, anatukana kwa Kijerumani cha zamani, maneno yale yale kabisa ya baba yake Leona. Kumbe wazee wale walifundishwa matusi na mwalimu mmoja.

"Rudi nyumbani," Wendell akasema alipomwona. "Huku ni kwangu. Andiko la baraza lipo."

"Sijaja kujenga. Nimekuja kutazama. Mimi ni nani kwenye kata hii?"

"Mtazama uzio."

"Basi acha nifanye kazi yangu."

Akageuza ndoo akaikalia. Alitazama kwa bidii, na kama uzio ulikuwa umepinda mahali asingeweza kukuambia. Wendell alipopanda ukingoni, ametota na anatetemeka, Leona akatoa kwenye mkoba chupa ya chai, vikombe viwili, sukari ya mawe na malai. Akammiminia. Wendell akanywa kikaisha, akajaziwa. Akanywa, akajaziwa cha tatu, na kila alipokitua Leona alikuwa ameshainamisha chupa. Mwishowe akapapasa nyasi kando ya kikombe.

"Leona, kijiko kiko wapi?"

"Ala, nimekisahau," akasema Leona, ambaye hakuwa amekisahau, akamjazia tena.