Kiapo Alichoapishwa Dominika

Dominika Tarimo alikuwa muuguzi wa zahanati moja ya Kiboriloni kwa miaka ishirini na sita. Baadhi ya watoto aliowachoma chanjo walishakua, wakamletea watoto wao. Alipofika miaka hamsini mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, hasa alipoinua sindano. Akina mama wakaanza kumkwepa.

Kwenye ubatizo mmoja huko Kibosho alikunywa nusu kata ya mbege, ile pombe ya ndizi, yeye ambaye hakuwa mnywaji, na mkono ukatulia. Victoria, muuguzi ambaye Dominika mwenyewe alimfundisha kazi, aliona.

"Kumbe asipokunywa ndipo anatetemeka," akawaambia wenzake.

Haikuchukua muda Dominika akatolewa kwenye sindano, akapewa kazi ya kuandika kadi. Mwandiko wake haukusomeka. Akaacha kazi.

Mumewe, Primus, hakumuuliza kitu. Alimpeleka kwa paroko aape kuacha pombe. Dominika aliapa kwa sababu alikuwa amechoka kukana.

Kaka yake, Tito, ndiye aliyemfikisha kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Daktari alimwambia achore duara, akaitazama ile mistari iliyopindapinda.

"Mama, kuna mzazi wako aliyetetemeka hivi?"

"Baba. Mpaka tunamzika."

"Na pombe kidogo inautuliza mkono?"

Dominika alisita, kisha akaitikia.

"Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Wewe si mlevi."

Dawa hazikusaidia, Tito akampeleka India. Huko walimfunga fremu ya chuma kichwani kwa skrubu, wakamlaza kwenye mashine akiwa macho, na miale mingi ikaelekezwa kwenye sehemu moja ndogo sana ya ubongo. Hakupasuliwa. Wakamwambia asubiri miezi kadhaa.

Mwezi wa nne baada ya matibabu aliinua kikombe kilichojaa chai, na chai haikumwagika. Mkono wa kushoto, ambao nao ulikuwa umeanza kutetemeka, ulibaki vilevile.

"Jumapili tukatoe shukrani kanisani," Primus akasema.

"Utasimama useme ulinisingizia?"

"Mama Stella, hayo yamepita."

"Basi nenda peke yako."

Alipoomba kurudi kazini, zahanati walisema nafasi yake ina mtu. Victoria alimnyooshea mkono, akasema hawakujua. Dominika hakuupokea.

Sasa amepanga chumba chake mwenyewe Majengo, mjini, anashona sare za shule. Kila Jumamosi Primus hushuka na ndizi, akaziacha mlangoni. Ndizi anazipika. Ila hajamkaribisha Primus ndani hata mara moja.