Vidonge Vitatu Wakati wa Daku

Karani mwenzangu wa forodha hakulewa, na naliandika hili kwa kuwa jalada lake lasema vingine. Miaka ya arubaini ikielekea ukingoni, vumbi la magunia lilimtia chafya zisizokoma. Muuza dawa alimpa vidonge vya kumeza kimoja asubuhi, kimoja adhuhuri na kimoja usiku, akamwonya kwamba huleta usingizi. Ramadhani ilipoingia, alivimeza vyote vitatu wakati wa daku bila kurudi kuuliza. Mwenyewe alinihadithia tulipofika kazini. Saa nne alikuwa amelala juu ya daftari, mate yakimtoka.

“Shehe wetu kafuturu mapema, tena kwa chupa,” karani mkuu alisema, nasi tukacheka. Akaandika kosa la ulevi, nami nikatia sahihi ya shahidi. Mwenzangu alifukuzwa akiwa na saumu yake.

Baadaye nilikuja kuwa karani mkuu. Jalada lile sikulisahihisha.